DHIKI YA MAMA NI DHIKI YA MWANA
Waadhi kwa waume juu ya haki ya aliye tumboni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema zamstahikia Mola aliyetulea ndani ya matumbo ya mama zetu kabla hatujajua kuomba wala kushukuru. Na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, ambaye kwa kauli iliyo mashuhuri babake alifariki yeye angali tumboni, mimba yake ikachukuliwa na mama mjane. Na ziwafikie jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu, mtu wa pwani akipata khabari kwamba mkewe ni mja mzito, humshukuru Mungu, akaanza kufikiri jina la mtoto, na mbuzi wa akika, na mkunga atakayeitwa. Hayo yote ni mema. Walakini wengi wetu twadhani kwamba miezi tisa ile ni miezi ya kungoja tu, na kwamba kazi ya baba yaanza siku atakapomwadhinia mwanawe sikioni. Hilo si kweli. Mtoto aliye tumboni, mimba ikishapita miezi sita, husikia; naye huisikia sauti ya babake siku nyingi kabla ya adhana ile. Basi na ajiulize kila mmoja wetu: sauti aliyoizoea mwanangu kwa miezi ile mitatu ilikuwa sauti ya namna gani? Ilikuwa ya mtu asemaye na mkewe kwa upole, au ya mtu apigaye makelele hata majirani wakafunga madirisha?

Tumeandika karatasi hizi kueleza mambo matatu: khofu na dhiki hutenda nini katika mwili wa mama na wa mwana, khabari gani zimetoka kwa ndugu zetu wa nyanda za juu za Kigoma, huko Kibondo na Kasulu, na katika nchi zilizo jirani nazo, na sheria yetu yasemaje. Mwisho tutataja yatupasayo.

KHOFU YATENDA NINI MWILINI

Jueni kwamba Mwenyezi Mungu ameweka katika mwili wa binadamu mlinzi asiyelala. Mtu akishtuka, ubongo hupeleka amri kwa tezi ndogo iliyo chini yake, na tezi ile hupeleka amri katika damu hata kuzifikia tezi mbili nyingine zilizokaa juu ya mafigo kama kofia. Tezi hizi za juu ya mafigo hutoa vitu ambavyo matabibu waviita homoni, yaani wajumbe watumwao ndani ya damu. Mjumbe wa kwanza ni adrenalini. Huyu ni mwepesi, huja kwa nukta chache, moyo ukaenda mbio na mishipa ya damu ikabanwa. Wa pili ni kortisoli. Huyu huja nyuma yake na hukaa zaidi, akaitia damu sukari ili mwili upate nguvu ya kupigana au kukimbia. Khatari ikiondoka, kortisoli yenyewe hurudi ubongoni ikatoa khabari kwamba yatosha, na mlango ukafungwa. Hivyo ndivyo mlinzi alivyoamrishwa: apige kengele mwizi ajapo, na anyamaze mwizi aondokapo.

Kortisoli basi si sumu. Ni neema, na mwenye mimba huihitaji kupita wengine. Kwa kawaida ya maumbile, mimba ikikaribia kutimia, kortisoli katika damu ya mama hupanda hata ikafika mara mbili au mara tatu ya ilivyokuwa kabla, na kwa hiyo mapafu ya mtoto hukomaa akaweza kuvuta pumzi siku atokapo. Tabibu mmoja wa New Zealand, jina lake Graham Liggins, aliliona jambo hili kwa kondoo katika 1969. Na katika 1972 yeye na mwenziwe Ross Howie wakatangaza kwamba mama aliyeshikwa na uchungu kabla ya wakati akipigwa sindano ya dawa iliyo jamaa ya kortisoli, mtoto hupata nafuu kubwa ya mapafu. Watoto wengi waliozaliwa wachanga mno wameishi kwa sababu ya ujuzi huo, katika hospitali za dunia nzima na za Afrika Mashariki pia.

Lakini kila neema ina kipimo chake, na kipimo kikivukwa neema hugeuka mtihani. Kwa hiyo Muumba ameweka mlango kati ya mama na mwana, nao ni kondo la nyuma. Ndani ya kondo hilo mna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuishika kortisoli ya mama na kuigeuza kuwa kitu kingine kisichokuwa na nguvu, isipokuwa sehemu ndogo ipitayo. Mama akishtuka mara moja kwa paka aliyeanguka darini, au akahuzunika siku mbili kwa msiba wa jirani, mlango ule watosha, na mwana hulala salama. Asitaabike mtu kwa hayo.

Khatari ni dhiki iliyo nzito na isiyokatika: khofu ya kila usiku, njaa ya kila siku, mapigo, matukano, na kutojua kesho italala wapi. Hapo kengele hulia bila ya kunyamaza. Adrenalini huibana mishipa iendayo katika tumbo la uzazi, na riziki ya mtoto ikapungua. Mlango wa kondo nao huweza kulegea, khasa mama akiwa na upungufu wa chakula, na kortisoli ipitayo kwenda kwa mwana ikazidi. Tena kondo lenyewe hutoa mjumbe kama yule wa ubongoni. Na hapa pana ajabu, kwani ubongoni kortisoli humnyamazisha mjumbe huyo, lakini katika kondo humzidishia sauti, na yeye ni katika wale wauitao uchungu wa uzazi. Ndiyo sababu wanawake walio katika dhiki kubwa huonekana zaidi kuzaa kabla ya siku zao, au kuzaa watoto wenye uzito mdogo.

Na mtoto, ambaye bado hajaona jua, huitengeneza kengele yake mwenyewe kwa kufuata khabari azipatazo kwa mama. Akiambiwa na damu kwamba ulimwengu aujiao ni wa vita, huzaliwa na mlinzi wa vita: mwepesi wa kushtuka, mzito wa kutulia, au huzaliwa na mlinzi aliyechoka, asiyepiga kengele ipasavyo hata khatari ijapo. Twamkuta shuleni mtoto huyo, mwalimu akamwita mtukutu, na babake akamwita mkaidi, ilhali hakuna aliyeuliza miezi tisa ile ilikuwaje.

KHABARI ZA KIBONDO NA KASULU

Huenda mtu akasema: Kibondo na Kasulu ni mbali, yatuhusu nini watu wa pwani? Twamjibu kwamba njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikanyagwa na miguu ya babu zetu kabla ya reli kufika Kigoma katika 1914. Na kwa njia hiyo hiyo mateka wengi waliletwa pwani, na katika mateka wale walikuwamo wanawake. Baadaye, zama za Waingereza, Waha wengi wa Kasulu na Kibondo walishuka kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, wakawaacha wake zao vilimani peke yao na mimba zao. Basi nchi ile ina haki juu yetu ya zamani.

Nyanda zile zimekuwa makimbilio. Warundi walivuka mpaka katika 1972, na tena katika 1993 baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye. Katika 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Kisha katika 2015, fitina ilipozuka Burundi juu ya Rais Pierre Nkurunziza kutaka kutawala mara ya tatu, watu kwa maelfu na maelfu walijaa katika kijiji kidogo cha Kagunga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika chini ya milima. Hapo wakashikwa na kipindupindu. Wakachukuliwa na meli ya Liemba, chombo kilichoundwa Ujerumani katika 1913, hata Kigoma, na kutoka hapo kwa mabasi hata Nyarugusu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule kambi ya Nduta, katika wilaya ya Kibondo, ilifunguliwa tena. Katika umati ule walikuwamo wajawazito. Wengine waliona waume zao wakiuawa, wengine walitembea usiku kwa usiku wakiogopa kila mti uliotikisika.

Je, nini huzipata mimba za namna hiyo? Katika 1998 matabibu walichunguza khabari za uzazi katika kambi ya Mtendeli, ambayo wakati ule ilikuwa katika wilaya ya Kibondo, na uchunguzi wao ukachapishwa katika 2000. Waliona kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa hai, 22 na zaidi walikuwa na uzito mdogo. Na katika kila uzazi 1,000, watoto 45 hivi walikufa kabla ya kuzaliwa. Katika sababu walizozitaja ni malaria kumrudia mama mara tatu au zaidi katika mimba moja. Hatusemi basi kwamba khofu peke yake ndiyo iliyofanya hayo, kwani matabibu wale hawakupima homoni. Malaria, njaa na khofu ni ndugu watatu, na katika kambi hukaa nyumba moja.

Lakini jirani za nchi ile, homoni na athari zake zimepimwa. Mashariki ya Kongo, bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Connie Mulligan, pamoja na wenzake, waliwachunguza akina mama 25 na watoto wao wachanga, na khabari zao zikatangazwa katika 2012. Wakaona kwamba kadiri dhiki ya vita ilivyomzidi mama, ndivyo uzito wa mtoto ulivyopungua. Na ndivyo ilivyoonekana alama juu ya jini ile iongozayo mwili kuisikia kortisoli. Ndugu msomaji asichanganye: jini hii si yule jini wa kupungwa, bali ni maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya mwili. Maandishi yenyewe hayakubadilika; kilichobadilika ni alama zilizowekwa juu yake, kama vile mtu awekavyo irabu juu ya harufi, na usomaji ukawa mwingine.

Katika 2014 zikatangazwa tena khabari za Rwanda. Wataalamu waliwatazama wanawake 25 wa Kitutsi waliokuwa na mimba katika mauaji ya 1994, pamoja na watoto wao ambao sasa walikuwa vijana wakubwa. Wakawalinganisha na wanawake 25 wa kabila lile lile, waliokuwa na mimba wakati ule lakini nje ya mauaji, na watoto wao. Wale walioyaona mauaji, wao na watoto wao pia, kortisoli yao ilikuwa chini na huzuni yao ilikuwa juu, na alama juu ya jini ile zilikuwa nyingi zaidi. Hesabu ya watu ni ndogo, wala haifai kuifanya hukumu ya kila mtu. Lakini yatosha kumzindua mwenye akili. Mtoto ambaye hakuliona panga kwa jicho lake alikuwa ameliona kwa damu ya mamake.

Na sasa sikilizeni lililo karibu nasi zaidi. Mwezi wa Oktoba 2000 shirika la Human Rights Watch lilitoa kitabu juu ya wanawake wakimbizi wa Kirundi katika kambi za Tanzania, zikiwamo za Kibondo na Kasulu. Walieleza jinsi wanawake walivyoshambuliwa walipokwenda kuokota kuni. Lakini walieleza pia kwamba wengi walikuwa wakipigwa na waume zao. Lifikirini jambo hili. Mwanamke amekimbia bunduki, amevuka mto Malagarasi na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, amefika penye amani. Kisha khofu imemngojea ndani ya hema, na mwenye khofu hiyo ni babake mtoto! Damu ya mama haitofautishi kati ya askari na mume. Mlango ukisukumwa kwa hasira usiku, kengele ni ile ile.

Na hapa ndipo twasema: hilo si la makambini tu. Katika nyumba zetu za mawe na za makuti, zenye maji na taa, mna wanawake ambao wakisikia viatu vya mume barazani mioyo yao huenda mbio.

SHERIA YASEMAJE

Msidhani kwamba elimu hii ni ngeni katika dini. Tazameni Sura ya Maryam. Bibi Maryam alikuwa peke yake, mbali na watu wake, ameshikwa na uchungu penye shina la mtende, akiogopa maneno ya watu hata akatamani mauti. Jambo la kwanza lililomfikia kutoka kwa Mola wake lilikuwa ni kuliwazwa asihuzunike. Kisha akaonyeshwa maji, kisha tende, kisha akaondolewa udhia wa kuwajibu watu. Liwazo, maji, chakula na amani: hizo ndizo haki nne za mja mzito. Na ajabu ni kwamba liwazo limetangulia chakula.

Kisha itazameni khabari ya Sayidna Umar bin al-Khattab, ambayo mafakihi wameipokea, ijapokuwa mnyororo wa wapokezi wake una mahali palipokatika. Alipata khabari za mwanamke ambaye mumewe hakuwapo, akamtumia mtu aje. Yule mwanamke akafazaika kwa kuitwa na Umar. Njiani akashikwa na uchungu, akaingia nyumba moja akazaa mtoto, akalia kidogo akafa. Umar akawataka shauri sahaba wa Mtume. Baadhi yao wakamwambia kwamba hana lawama, kwa kuwa yeye ni mtawala na alikusudia kuadibu. Sayidna Ali alinyamaza. Alipoulizwa, akasema kwamba rai yao imekosea, na dia ya mtoto yamlazimu Umar, kwani yeye ndiye aliyemtisha. Umar akaikubali hukumu.

Lioneni basi, enyi ndugu. Hakumgusa kwa mkono, wala kwa fimbo, wala hakumwona. Alituma mjumbe tu, tena kwa haki, naye ni Umar. Pamoja na hayo khofu ikahesabiwa kuwa ni sababu, na sababu ikaletewa dhamana. Na katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kisomeshwacho katika darsa zetu za pwani, imo mas-ala hiyo hiyo: mtawala akimwita mwanamke aliyetajwa kwa ubaya, akaharibu mimba kwa khofu, hulazimika kumdhamini mtoto. Basi ikiwa Khalifa alidhamini kwa wito mmoja, ni nini hesabu ya mume apigaye meza kila usiku kwa miezi tisa?

Na hukumu nyingine zote zafuata mwendo huo. Mja mzito aliyeiogopea nafsi yake au mwanawe huruhusiwa kufungua Ramadhani. Akiogopea nafsi yake hulipa kadha, na akimwogopea mtoto peke yake hulipa kadha pamoja na kibaba cha chakula kwa kila siku. Mwanamke aliyeachwa akiwa na mimba, hata talaka ikiwa ya kutorejeka, ana nafaka yake hata ajifungue, kwa amri iliyomo katika Sura ya Talaka. Na yule mwanamke wa kabila la Ghamid, aliyemjia Mtume (s.a.w.) akakiri dhambi yake, hakuguswa mpaka alipozaa, na mpaka mwana alipoacha ziwa. Mwenye hatia angojewa kwa ajili ya asiye na hatia. Nasi twamtisha asiye na hatia yoyote kwa sababu mchuzi umezidi chumvi!

AKISEMA MSEMAJI

Akisema msemaji: mama zetu walilima, walitwanga, waliteka maji visima vya mbali, na sisi tukazaliwa wazima. Twamjibu: kazi si khofu. Mwanamke aweza kutwanga huku akiimba, na mwingine akaketi juu ya zulia huku akitetemeka. Tena wewe wawahesabu waliozaliwa wakaishi. Makaburi madogo yaliyo nyuma ya misikiti, nani aliyeyahesabu?

Akisema: yote ni kadari ya Mungu. Twamjibu: ndiyo, na sababu pia ni kadari yake. Wewe hufunga mlango usiku ukaogopa mwizi, wala husemi kwamba kadari yatosha. Mlango wa kondo ameufunga Mungu. Wewe usiwe ndiye mvunjaji.

Akisema: wanawake wakiyasikia haya watajifanya wagonjwa na kutuamrisha. Twamjibu: aliye mwema kwa mkewe hapotezi kitu. Na mtu akichagua kati ya kudanganywa siku moja na kumdhulumu mwanawe miezi tisa, lililo jepesi mbele ya Mungu ni lipi?

Na tuseme neno moja la kuonya. Asichukue mtu karatasi hizi akamwambia mkewe: wewe na huzuni zako ndiwe uliyemharibu mtoto. Huo ni ujinga juu ya dhuluma, na ni khofu mpya juu ya khofu ya kwanza. Mama hajitii khofu mwenyewe, hutiwa. Wala asikate tamaa mama aliyekwisha kupita katika dhiki, kwani alama zile si hukumu ya milele. Mtoto akizaliwa akalazwa juu ya kifua cha mamake, akanyonyeshwa, akapakatwa, akaitwa kwa sauti laini siku zote, mlinzi wake hujifunza tena kutulia. Mlango wa rehema haufungwi kwa siku ya kuzaliwa.

YATUPASAYO

La kwanza, ulimi. Mtume wetu (s.a.w.) alimwambia Anjasha, aliyekuwa akiwaimbia ngamia wakaenda mbio na wanawake wamo juu yao, aende taratibu, akawafananisha na vyombo vya kioo. Mja mzito ni kioo ndani ya kioo. Neno la talaka lisiwe fimbo ya kutishia, wala la mke wa pili lisiwe mjeledi wa kila siku.

La pili, mkono. Ambaye mkono wake umezoea kupiga, na ajue kwamba apiga wawili kwa pigo moja, na mmoja wao hana pa kukimbilia.

La tatu, nafaka na safari. Msafiri wa jahazi, dereva wa gari, mfanya biashara aendaye Dubai au Maskati, asiondoke illa ameacha matumizi na ameweka njia ya kuleta khabari. Kutojua ni dhiki. Simu moja jioni kwamba u salama ni sadaka kwa watu wawili.

La nne, afya. Mpeleke kliniki mapema, mpe chakula kilicho bora katika uwezo wako, mnunulie chandarua; kwani malaria na njaa hukaa nyumba moja na khofu, kama tulivyokwisha eleza. Wala usiipeleke khofu yake kwa mganga atakayemzidishia nyingine kwa kumtajia maadui na mashetani.

La tano, watu wa nyumbani. Mama mkwe na mawifi wasiachiwe kumsimanga. Na siku ya uchungu asiachwe peke yake. Uwepo wa mwanamke amwaminiye humpunguzia uchungu na fazaa, na haya yamethibitishwa na matabibu.

La sita, wakimbizi. Bibi Asma binti Abubakar alihama Makka akiwa mja mzito wa kukaribia kuzaa, akajifungua Quba, na Mtume (s.a.w.) akamtafunia mtoto tende akamtia kinywani, na Waislamu wakafurahi furaha kubwa. Hivyo ndivyo mkimbizi mwenye mimba apokewavyo: kwa furaha, si kwa kuulizwa lini atarudi kwao. Miongoni mwa wanaostahiki zaka wamo fukara, masikini na msafiri aliyekatikiwa njia, na wakimbizi wengi wana sifa zote tatu. Mgao wa chakula katika kambi za Kigoma ulipunguzwa si mara moja tangu 2017, na mama apunguziwaye unga hupunguziwa na amani. Mwenye zaka, na akumbuke njia ile ya Ujiji. Safari hii ipite rehema.

Ndugu zangu, Siku ya Kiyama kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto aliyezaliwa ataweza kusema nawe hapa duniani, akakusamehe au akakulaumu. Lakini yule aliyekufa tumboni kwa khofu uliyoitia wewe, kesi yake haisikilizwi Dar es Salaam wala Mombasa. Yangoja mbele ya Hakimu ambaye hahitaji shahidi. Basi mwenye mke mja mzito na aingie nyumbani leo kwa salamu, aketi, aulize hali, asikilize jibu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na baba naye ni mzazi.

Ewe Mola wetu, uwape amani wote waliochukua mimba, wa mijini na wa makambini, wa Kibondo na wa Kasulu, wa bara na wa pwani. Uwalinde walio matumboni na khofu za watu wazima. Uilainishe mikono yetu na ndimi zetu, na usitujaalie kuwa sisi ndio adui wa kwanza ambaye watoto wetu wamemjua. Amin.

Wabillahi ttaufiq.